Maji ya Mwanga yanashukia kwa nani?

SWALI: Habari za kazi dada. Nakuandikia toka Mwanga hapa Kigoma mjini, sisi tunakaa kwenye mteremko, mvua ikipiga kidogo tu maji yanashuka na mchanga, chupa, pampasi, kila kitu, yanaingia hadi sebuleni. Tukachoka. Akina mama tukachangishana elfu mbili mbili, tukanunua sepeto na viroba, tukachimba mtaro wenyewe kila Jumamosi mpaka ukaisha. Sasa kwetu pamekauka ila watu wa mtaa wa chini wametushtaki kwa mwenyekiti, wanasema tumewaelekezea maji. Na mume wangu nae kila siku ananiambia hii ni kazi ya serikali, na walioharibu hali ya hewa ni nchi zenye viwanda, wao ndo walipe, mimi natoka jasho la nini. Nifanye nini dada yangu?
Mama wawili, Mwanga

JIBU: Mama wawili, kwanza hongereni sana, maana najua udongo wa kule juu ulivyo, ukikauka sepeto linagonga kama unachimba sakafu. Lakini siwezi kukudanganya, watu wa chini wana haki. Mtaro haumalizi maji, unayahamisha tu, tena unayaongezea mbio, maana yale yaliyokuwa yanatambaa uani kwenu taratibu sasa yanakimbia kwenye njia nyembamba na yakifika chini yanafika kwa nguvu. Yaani mlichokuwa mnalalamikia nyie ndo wao wanalalamikia leo, na mkiliacha hivyo mwakani wao nao watachimba wawapelekee wengine, hivyo hivyo mpaka ziwani.

Nendeni kwao. Msingoje kuitwa na mwenyekiti, nendeni nyie wenyewe watatu wanne, mkae chini muongee, muwaombe mtembee pamoja siku mvua inanyesha. Nasema siku ya mvua kwasababu siku ya jua kila mtu ana maneno yake, ila maji yenyewe hayabishani, mtayaona yanapoanzia, yanapokutana, yanapokula ukingo na kutengeneza korongo. Pale yanapokutana ndo pa kuweka viroba vya mchanga au mawe kukatisha mtaro kila baada ya hatua kadhaa ili maji yashuke ngazi kwa ngazi yapungue mbio, na pembeni pandeni nyasi za vetiva au hata mabingobingo, mizizi inashika udongo.

Halafu kuna bati. Hili watu wanalidharau sana jamani. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya kawaida, bati lake mita 6 kwa 8, hiyo ni mita 48 za mraba, ikinyesha mvua kubwa ya milimita 50 bati hilo moja limemwaga lita 2,400, ni madumu 120 yale ya lita 20! Sasa hesabu nyumba zote za mteremko wenu zikimwaga kwa pamoja. Mkifunga gata na kuweka hata mapipa mawili ya lita 200 kila nyumba hamtamaliza mafuriko, lakini mtapunguza, na maji ya kufulia mnayo. Mimi nimekulia Ujiji, mama yangu alikuwa anapanga masufuria yote chini ya bati mvua ikianza, sisi watoto tunakimbizana kubadilisha yaliyojaa, wala hatukujua kama ile nayo ni kazi ya maana.

Sasa mzee wako. Mwambie shemeji yangu kwamba kwenye haki yuko sahihi kabisa. Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, hakuna mtu wa Mwanga mwenye jiko la mkaa anayeweza kulaumiwa kwa hili. Na hela anazozisema si hadithi, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi maskini zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na Dubai mwaka 2023 ukaanza rasmi. Ila fedha hizo zinapita mlolongo mrefu wa serikali na mashirika, na anayekaa kimya juu ya mlima hafikiwi. Miaka ya nyuma mimi na wenzangu tulipeleka ombi letu ofisi moja kuhusu mtaro uliozibwa, afisa akatuuliza swali moja tu, mna ushahidi gani, tukabaki tunaangaliana. Tulikuwa na machozi tu.

Kwahiyo nunueni kauntabuku. Kila mvua andikeni tarehe, saa ilipoanza na kuisha, maji yalifika wapi, pigeni mstari wa mkaa ukutani mpime kwa futi kamba, andikeni godoro la nani limeloa na bei yake, unga wa nani, siku ngapi mtu hakwenda sokoni. Na jasho lenu liandikwe pia, watu wangapi, masaa mangapi, viroba vingapi. Dar es Salaam kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka mitaa kama Tandale na simu mkononi wakachora mitaro na sehemu zinazofurika, kazi inaitwa Ramani Huria, ramani zile yeyote anaweza kuziona. Vijana wenu wana simu, wapeni hiyo kazi. Siku mnaingia mkutano wa mtaa, mkiwa na watu wa chini pembeni yenu, mtaweka daftari mezani na mzee wako ndo asimame aongee, si anapenda kudai? Adai!

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Katonga. Ziwa limepanda sana miaka hii, mwanangu kaambiwa shule ni mabadiliko ya tabianchi, baba yangu anasema ziwa huwa linapanda na kushuka tangu zamani. Nani mkweli?
Mvuvi

JIBU: Kaka, wote. Mzee ana ushahidi, Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliporudi 1876 akakuta ziwa limemeza sehemu ya soko. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga kule Kalemie, Kongo, mvua ikizidi linajaa kama beseni. Ila mvua zilizolijaza safari hii, kuanzia 2019 mpaka El Nino ya 2023 na 2024, zimekuja kwenye dunia yenye joto zaidi, na hewa ya joto inabeba maji mengi zaidi, hapo mtoto nae kasema kweli.

Kinachoniumiza mimi ni wapangaji wa nyumba za kando ya ziwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, sasa ukingo ukisogea na mita 60 zinasogea, mwenye nyumba anaweza kudai, lakini yule mama aliyepanga chumba kimoja na kichanja chake cha dagaa nje hayupo kwenye karatasi yoyote. Mkikaa na wenzako wa mwaloni kuandika majina ya walioathirika, kaka, anzeni na hao.