Alikatazwa kuchezesha vidole, kisha wakasema hana kumbukumbu

SWALI: Daktari, naomba msaada. Mwanangu ana miaka 10, ni kiziwi na anatumia lugha ya alama. Juzi alipimwa kumbukumbu: anaonyeshwa namba mojamoja kwa alama, kisha azirudie kwa mpangilio uleule. Aliishia namba nne. Alikuwa mtulivu, maana hata alipoanza kuchezesha vidole aliambiwa aweke mikono mapajani, akatii. Aliyempima anasema kumbukumbu ni dhaifu kwa sababu ya alama, tuzipunguze, na tununue programu ya mazoezi ya ubongo. Tufanye hivyo?

JIBU: Mama, programu usinunue, na alama usipunguze hata moja. Nataka turudi kwenye lile uliloliandika kama sifa, kwamba mtoto aliweka mikono mapajani.

Vile vidole havikuwa vinacheza. Alikuwa anajikumbusha. Wewe ukitajiwa namba ya simu na huna kalamu, si unaitamka chinichini, midomo ikichezacheza, mpaka upate pa kuiandika? Kiziwi naye hufanya vivyo hivyo kwa mikono, tena kwa alama ndogondogo ambazo asiyejua lugha ataziita utundu. Mwaka 1997 Margaret Wilson na Karen Emmorey walilipima jambo hili kwa viziwi wanaotumia Lugha ya Alama ya Marekani. Mikono ikipewa shughuli nyingine wakati wa kukariri, idadi ya alama zinazokumbukwa hushuka, kama inavyoshuka ya msikiaji anayelazimishwa kurudiarudia neno lisilohusika. Kutuliza mikono si sawa kabisa na kuipa shughuli, na mtu mzima anaweza kujikumbusha akilini bila kusogeza kidole. Lakini mtoto wa miaka 10, mbele ya mgeni mwenye saa na karatasi? Huko ni kumziba mtu mdomo halafu kuandika kwamba hasemi.

Hata angeachiwa mikono, nne isingenishtua. Watu wazima viziwi waliokua na lugha ya alama tangu utotoni, wengine wasomi wa vyuo vikuu, kwenye kipimo hiki hufika kama 5, wasikiaji wakifika kama 7. Hapa ndipo wapimaji wavivu wanapoharibu: wanatoa 5 kwenye 7, kinachobaki wanakiita upungufu. Sasa mchukue mtu anayesikia, aliyelelewa na wazazi viziwi, mjuzi wa lugha zote mbili. Ukimpa orodha kwa sauti anakumbuka nyingi, ukimpa kwa alama zinapungua. Kichwa ni kilekile. Kilichobadilika ni mlango ambao orodha iliingilia, kwa kuwa sikio hushika mfuatano vizuri kuliko jicho. Namba zenyewe nazo ni mtego, kwani mara nyingi huonyeshwa mahali palepale, tofauti ikiwa vidole tu, hivyo huchanganyika kama maneno yanayokaribiana kwa sauti.

Ondoa sharti la mpangilio, mwache ataje alizokumbuka vyovyote, na pengo lile hulioni tena. Mpe maneno ayashike huku akiyatungia sentensi, kazi iliyo karibu zaidi na ya darasani, na viziwi wanalingana na wasikiaji. Gusa vibao kadhaa mezani kimoja baada ya kingine, umwambie arudie, na watoto viziwi waliokuzwa kwa alama wamewahi kuwapita wasikiaji. Sijawahi kuletewa ripoti iliyoandikwa kwamba kusikia kumedhoofisha kumbukumbu ya macho.

Matthew Hall na Daphne Bavelier walipotenganisha hatua za kumbukumbu (kupokea orodha, kuishika akilini, kisha kuitoa) mwaka 2011, waliona kwamba kutoa jibu kwa alama kuliongeza kidogo idadi ya vinavyokumbukwa. Wauza hofu hili hawalitaji.

Kuhusu programu nitasema kwa kifupi, maana zinanichosha. Mtoto akicheza kila siku atapanda pointi za mchezo huo, na grafu utakayoonyeshwa itakuwa ya mchezo huohuo. Kusoma na hesabu hubaki palipokuwa. Wauza vidonge vya kumbukumbu sitawajadili.

Rudi uombe apimwe upya na mtu anayejua lugha ya alama mwenyewe, mikono ya mtoto ikiwa huru, na kuwe na jaribio lisilodai mpangilio na jingine la vibao. Kama bado ataonekana yuko nyuma kote, hapo tutazungumza.

Kumbukumbu ya mtoto kiziwi inaweza kudhoofika kweli, ila kinachoidhoofisha ni kukaa bila lugha. Utafiti ulioongozwa na Chloë Marshall, uliochapishwa 2015, uliwapima watoto viziwi kwa kazi zisizohitaji maneno. Waliopata lugha ya alama tangu kuzaliwa hawakupishana na wasikiaji. Walioipata baadaye ndio waliobaki nyuma. Na wanaochelewa ni wengi, kwa sababu viziwi zaidi ya 9 kati ya 10 nchini Marekani huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao huambiwa wasubiri kwanza mtoto asikie, kwanza aongee. Kifaa cha kusikia sikipingi, nacho kivaliwe. Ninachopinga ni kumwekea mtoto lugha rehani mpaka kifaa kifanye kazi.

Niliwahi kuletewa mvulana wa miaka 8. Wazazi wake walikuwa watu makini, wametii kwa miaka mingi ushauri huohuo unaopewa wewe. Alikuwa na ishara tatu za nyumbani: kula, kulala, choo. Nilipomwonyesha namba ya kwanza alinitazama usoni, akanitazama mkono, kisha akainua vidole vilevile na kuvishikilia hewani, akingoja nimwambie ni vya nini.