Marafiki watatu walimwambukiza: mara tatu au kwa mkumbo?

SWALI: Naandika tasnifu yenye modeli ya hesabu kuhusu jinsi tabia zinavyopita katika mitandao ya kijamii. Msimamizi ameikata sentensi yangu, "Marafiki watatu walimwambukiza tabia ya kukimbia asubuhi," akisema ina utata. Kosa liko wapi?

JIBU: Sarufi ni safi. Utata ni kwamba sentensi imebeba hesabu mbili, na modeli yako inataka moja.

Kitenzi *-ambukiza* kimezoea maradhi, na maradhi hupita mmoja kwa mmoja. Mwenye mafua hahitaji msaidizi ili akuambukize. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Basi msomaji ataelewa kwamba kila rafiki alijaribu peke yake. Uwezekano wa kila mmoja ukiwa 0.1, watatu wanatoa 1 − 0.9³, yaani 0.271. Lakini huenda ulimaanisha kwamba wote wanne ni kundi moja, na kuwaona watatu pamoja ndiko kulikomsukuma. Hapo unaongeza uwezekano wa kundi zima kumvuta kwa pamoja. Ukiwa 0.3, unapata 1 − 0.9³ × 0.7, karibu 0.49. Pengo hilo *-ambukiza* pekee halilionyeshi.

Kwa maana ya pili tunalo neno la nyumbani: *mkumbo*. Hakuna afuataye mkumbo wa mtu mmoja. Wingi umo ndani ya neno lenyewe. Ila lina dharau kidogo, kana kwamba mfuataji hakufikiri. Kwa wizi wa mitihani linafaa sana. Kwa mazoezi ya asubuhi afadhali *kuvutwa na kundi*. Na tofauti hii si ya maneno tu. Katika jaribio la mwanasosholojia Damon Centola la mwaka 2010, lenye washiriki 1,528, tabia ya kiafya ilifika kwa wastani asilimia 54 ya mtandao ambamo wenzake mtu waliunganishwa pia wao kwa wao, na asilimia 38 tu pale miunganisho kati ya watu ilipopangwa ovyo. Virusi vingetarajiwa kufanya kinyume.

Jihadhari pia na *kizingiti*. Katika modeli ya mwanasosholojia Mark Granovetter (1978), kizingiti cha mtu ni idadi ya wenzake wanaopaswa kuanza kabla yeye hajajiunga. Magazeti yetu yamelizoesha neno hilo kumaanisha kikwazo, kwa hiyo "vizingiti vya tabia" itasomwa kama vikwazo. Taja idadi palepale: "kizingiti cha watu watatu".

*-enea* na *-sambaa* havitaji mtendaji. Viweke kwenye matokeo ("tabia imeenea kwa nusu ya kundi"), visiingie mahali unapoeleza utaratibu wenyewe, maana vitaficha nani alimgusa nani.

Sentensi yako basi, kwa hesabu ya kwanza: "Kila mmoja wa marafiki watatu, kwa nafasi yake, aliweza kumwambukiza tabia ya kukimbia." Kwa ya pili: "Alivutwa na marafiki watatu wa kundi lake kwa pamoja, akaanza kukimbia."