Kwa wanasihi wanaoanza: kabla ya kuikimbilia tiba ya saikedeliki

Wadogo zangu mnaomaliza masomo ya unasihi, wengi wenu siku hizi mnaniuliza kuhusu uyoga. Mmesoma kwamba silosibini, kemikali iliyomo katika aina fulani za uyoga, imewainua watu walioshindikana kwa dawa za kawaida za sonona, na mnataka kujua itafika lini Nairobi. Mimi pia naiamini tiba hii ya saikedeliki, yaani ya dawa zinazobadilisha kwa muda jinsi mtu anavyoona na kuhisi mambo. Ndiyo maana nataka muijue vizuri.

Sheria kwanza: hapa Kenya silosibini, pamoja na LSD na MDMA, dawa nyingine za kundi hilo, haziruhusiwi. Usimpe mteja, usimwelekeze kwa anayeuza. Australia iliruhusu silosibini na MDMA mwaka 2023, lakini kwa madaktari wa akili wenye kibali maalumu tu. Marekani nayo ilikataa kuidhinisha MDMA kwa tiba ya kiwewe mwezi Agosti 2024, ikataka jaribio jingine. Mojawapo ya matatizo ni kwamba washiriki wengi wa majaribio walitambua wenyewe kama wamepewa dawa halisi au la. Ketamini ni habari nyingine: ni dawa ya usingizi inayojulikana katika vyumba vya upasuaji, na uamuzi wa kuitumia kwa sonona ni wa daktari, si wako.

Sasa kazi yenyewe. Mteja huandaliwa kwa vikao kadhaa. Siku ya dawa hulala, macho yamefunikwa, muziki ukipigwa, na kwa kawaida watu wawili hukaa naye saa sita hadi nane. Sehemu kubwa ya muda huo hawasemi kitu. Vikao vya baadaye ndivyo vinavyomsaidia kuyapanga aliyoyaona na kuyaingiza katika maisha yake. Hesabu basi: wataalamu wawili, siku nzima, mteja mmoja, katika jiji ambalo wengi huja kwetu kwa kuiba saa ya chakula cha mchana. Anayetaka tiba hii iwafikie watu wa kawaida aanze kuliwazia hilo.

Lakini ujuzi mkubwa uko kwenye maandalizi, na huo unaweza kuanza kuujenga leo. Majaribio mengi huwaacha nje watu ambao wao wenyewe au ndugu zao wa karibu wamewahi kupata saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, na mara nyingi wenye bipola pia, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Muulize mteja wa Kayole, "Kwenu kuna aliyewahi kuugua akili?" Atasema hapana, na wala hakudanganyi. Sasa uliza hivi: "Kuna aliyeacha kazi ghafla akarudi ushago, hajatoka tena? Aliyekuwa akijibizana na watu wasioonekana? Aliyesemekana amerogwa, akazungushwa kwa maombi?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo yule mjomba ambaye hatajwi nyumbani anapojitokeza. Ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya akili ya Mathari, ichukue, uione saikosisi kwa macho yako.

Uliza na dawa anazotumia, hata za duka la mtaani. Lithiamu, dawa wanayopewa wenye bipola, ikichanganywa na silosibini imehusishwa na mishtuko ya kifafa. Suala la mteja kuguswa mwilini wakati wa kikao nalo mlimalize kwa maandishi mapema, kwa sababu mtu aliyekwisha kumeza dawa hayuko katika hali ya kukataa. Katika jaribio moja la MDMA huko Kanada, waliokabidhiwa mshiriki walivuka mipaka hiyo. Hilo linaniumiza, na ninyi liwaumize.

Na akija aliyekwisha kula uyoga kwa rafiki, usimkaripie. Muulize alikula lini, kiasi gani, na kingine alichochanganya, na kama analala. Ukiona siku kadhaa hajalala, anaongea mbio kuliko kawaida yake, au anazungumzia kujiua, mwite ndugu yake na mumfikishe hospitali siku hiyo hiyo.