Corvette ya kwendea kazini kila siku

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaishi Minneapolis, Marekani, na ninatamani kununua Chevrolet Corvette ya mwaka 2020, ambayo injini yake imewekwa nyuma ya viti. Je, itanifaa kwa safari za kila siku?

JIBU: Ndugu msomaji, itakufaa, lakini usiidharau baridi ya huko. Gari lenye kifurushi cha Z51, yaani vifaa vya ziada vya kuongeza uwezo wa gari, hutoka kiwandani na matairi ya kiangazi, na ingawa uzito wa injini husaidia magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma gari, kushika barabara, mpira wa matairi hayo hukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, wala hauwezi kushika barafu. Nunua matairi ya majira ya baridi kabla ya pambo lolote. Pua yake iko chini, hivyo tafuta lenye kifaa cha kuinua sehemu ya mbele, kinachoipandisha takriban milimita 40 na kukumbuka hadi mahali 1,000 pa kuinulia, pakiwemo langoni kwako. Buti ya nyuma hupata joto la injini. Samaki na maziwa viweke kwenye buti ya mbele. Viti ni viwili tu, kwa hiyo kama una watoto wa kupeleka shuleni, nisingekushauri liwe gari lako la pekee.