Uliza Tukujibu: "Bosi kasema roboti inakuja, nirudi kwetu?"

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni dada wa kazi huku Muscat, nyumbani ni Tanga. Bosi wangu kila siku ananionyesha klipu za yale maroboti yenye mikono na miguu kama binadamu, mara yanakunja nguo mara yanagawa vinywaji, anasema Elon Musk katangaza yatauzwa bei ya gari kwa hiyo nisiombe nyongeza ya mshahara manake mwakani ananunua moja na mimi narudi kwetu. Watoto wangu wanasoma kwa hela hii, usingizi siupati. Ni kweli jamani?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Ntakujibu kwa urefu kwa sababu hofu hii wamepandikizwa wengi na inaniuma, yani mtu anayefua, anapika na kulea anatishwa kwa video.

Tuanze na hiyo ya kukunja nguo. Ilitoka Januari 2024, roboti ya Tesla, kampuni ya magari ya huyo Musk, inaitwa Optimus, inatoa shati kwenye kikapu inalikunja mezani, dunia nzima ikashangilia. Wenye macho makali wakaona pembeni mwa picha kuna mkono wa mtu unachungulia, unafanya mwendo uleule wa roboti, kumbe kuna jamaa anaiongoza. Musk mwenyewe akaandika kwamba bado haiwezi kufanya hivyo peke yake. Ya vinywaji nayo ni ya Oktoba 2024, kwenye hafla ya Tesla kule karibu na Los Angeles, maroboti yalikuwa yanapiga stori na wageni na kuwamiminia vinywaji, Musk akasema yatalea watoto na kukata majani na bei itakuwa kati ya dola 20,000 na 30,000, baadaye ikajulikana kwamba yalikuwa yakisaidiwa na watu walioyaongoza kwa mbali. Na mara ya kwanza kabisa alipotangaza roboti hiyo, Agosti 2021, aliyepanda jukwaani kucheza alikuwa mtu kavaa nguo ya kubana.

Sasa utasema hiyo ni Tesla, kuna wengine. Sawa. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilianza kupokea oda za roboti ya nyumbani inaitwa NEO, dola 20,000 au dola 499 kwa mwezi. Kazi ambayo haijaijua, mfanyakazi wa kampuni akiwa mbali anaangalia kupitia kamera za roboti na kuiongoza aimalize. Fikiria hapo dada. Nyumba za huko unazijua kuliko mimi, kuna vyumba mwanamume asiye wa familia hakanyagi, leo mama mwenye nyumba yuko bila shungi na mtu asiyemjua anaangalia sebule yake kutoka nchi nyingine. Sijui ni familia ngapi zitakubali hilo zikishaelezwa vizuri.

Halafu kuna mkono. Rodney Brooks, profesa wa miaka mingi pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na mmoja wa waanzilishi wa iRobot, ile kampuni iliyotengeneza roboti ya kufagia ya Roomba, aliandika Septemba 2025 kwamba mkono wa binadamu una vihisio vya mguso karibu 17,000, na kuionyesha roboti video za watu wakifanya kazi hakuipi hisia hizo. Wewe ukimwogesha mtoto mwenye sabuni mwilini unajua umshike kwa nguvu kiasi gani asiteleze na asiumie, hukufundishwa kwa video. Brooks huyohuyo, ambaye maisha yake yote kajenga roboti, anashauri mtu asisogee karibu zaidi ya mita 3 na roboti inayotembea yenye ukubwa wa mtu, kwa sababu ikianguka inaumiza. Nyumba yenye mtoto anayetambaa utaiweka wapi hiyo mita 3?

Sisemi mashine hazitabadilika, zitabadilika. Ila hiyo ya mwakani bosi wako hana ushahidi nayo, na faida anayoipata leo ni wewe kunyamaza. Nyongeza yako iombe kwa utulivu kwa kazi unayoifanya, nakala ya mkataba wako iweke mwenyewe, na mpe ndugu yako unayemwamini picha ya huo mkataba.

SWALI: Bro mhariri, niko Nairobi. Kuna grupu ya WhatsApp tunachanga kwa M-Pesa tununue hisa za roboti kabla bei ipande, admini anasema Musk kaapa roboti ndio itakuwa asilimia 80 ya thamani ya Tesla. Niingie?

JIBU: Usitume hata bob. Kwanza hela ikishaingia kwa simu ya admini huna karatasi yoyote ya kuonyesha una hisa. Pili, ni kweli Musk aliandika hiyo asilimia 80, Septemba 2025, lakini Aprili 2019 alisema pia kwamba mwaka 2020 kutakuwa na teksi za Tesla zaidi ya milioni 1 zinazojiendesha, 2020 ikaisha Tesla haina hata moja, na zilipoanza Austin, Marekani, Juni 2025 zilikuwa chache na ndani kakaa mfanyakazi wa kampuni kuangalia. Novemba 2025 wenye hisa walimpitishia malipo yanayoweza kufika karibu dola trilioni 1, na moja ya malengo ni kupeleka sokoni roboti milioni 1. Yani anayekuhubiria roboti ndiye atakayelipwa ukiamini.

Na wewe wa Nairobi unajua stori ya watu wanaofichwa. Jarida la TIME lilifichua Januari 2023 kwamba vijana wa hapohapo Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kinyama ili ChatGPT isitoe matusi, huku sifa zote zikienda California kwa wenye ChatGPT. Hiyo inanikera mpaka leo.

SWALI: Niko kidato cha sita Dodoma, nataka kusomea roboti, niache?

JIBU: Usiache mdogo wangu. Amazon, ile kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni, walitangaza katikati ya 2025 kwamba wamefikisha roboti milioni 1 kwenye maghala yao na nyingi hazina uso wala miguu, zina magurudumu na zinafanya kazi kweli. Komaa na hesabu, fizikia na programu. Na ukitumiwa klipu, angalia kama kasi imeongezwa, kama imekatwakatwa, na kama wameandika wazi kwamba hakuna mtu anayeiongoza.