Maswali na majibu: noti za chini za saksafoni

Nikishuka hadi C, B na B flati za chini kwenye saksafoni ya alto, lazima nipulize kwa nguvu zote. Nikipunguza, sauti inaruka okteva ya juu au inakata. Nakosea wapi?

Huenda hukosei popote. Kabla ya kujilaumu, pima chombo. Noti hizi zinataka matundu karibu yote yazibwe, kwa hiyo pedi moja (kifuniko laini cha tundu) ikivuja kule juu, huku chini ndiko kunakoumia. Piga F, kisha E, kisha D, na ukiwa umeshikilia kila moja, bonyeza ufunguo wa G shapu. Sauti isibadilike hata kidogo. Ikibadilika, skrubu inayoilaza pedi ya G shapu imelegea. Kwenye saksafoni nyingi za sasa, funguo za C shapu, B na B flati za chini huivuta na G shapu pamoja nazo, kwa hiyo kila ukiitafuta B flati unafungua tundu la juu bila kujua. Fundi huingiza taa ndani ya bomba gizani, na mwanga ukichungulia pembeni mwa pedi anajua panapovuja. Tafadhali usizoee kuminya funguo kwa nguvu ili kuficha uvujaji. Vidole vitakakamaa, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha.

Kama haivuji, basi ni taya. Unaing'ata ridi, kile kibamba cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni, nayo ikibanwa hukimbilia okteva ya juu. Legeza taya, fungua koo kama unayetamka "o", toa hewa ya moto kama unayetia ukungu kwenye kioo. Anza G ya katikati, shuka nusu toni kwa nusu toni, kila noti mapigo manane, kwa sauti ya wastani. Ukifika B flati, ipunguze taratibu bila kugusa taya: kiasi cha hewa kipungue, mkondo usikatike. Halafu, vidole vikiwa palepale kwenye B flati, tafuta okteva yake, kisha F iliyo juu ya hapo, kwa koo peke yake, na urudi chini. Dakika 10 kila siku. Sijaona zoezi linaloshinda hili.

Nikinunua ridi namba 4 noti za chini zitakuwa nene?

Hapana. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Ridi ngumu inazifanya zigome zaidi. Rudi kwenye 2 au 2 na nusu.

Nimepanga chumba, majirani wanalalamika. Naziba ule mdomo mpana wa saksafoni kwa taulo, lakini haisaidii.

Haiwezi kusaidia. Sauti ya noti nyingi hutokea kwenye matundu ya ubavuni. Ni zile za chini kabisa tu zinazotegemea ule mdomo mpana, na ukiuziba ndizo unazoziua. Fanyia mazoezi kanisani au ukumbini baada ya saa za kazi, au elekeza saksafoni katikati ya nguo zilizotundikwa kabatini.

B ya chini inatetema kama injini ya boti. Rafiki ananiambia nidumbukize kizibo kwenye kona ya chini ya bomba.

Kwa baadhi ya saksafoni hufanya kazi kweli. Lakini hakikisha kwanza hakuna uvujaji, la sivyo unafunika kidonda kibichi.

Nataka ile sauti laini yenye pumzi ya Ben Webster, yule mpiga saksafoni wa jazi, kwenye saksafoni ya tena (kubwa kuliko alto).

Vuta taya nyuma kidogo, mdomo wa chini ulale zaidi juu ya ridi na uizuie isitetemeke kwa uhuru, hewa iwe kidogo na ya moto. Kwenye saksafoni ya tena huja kwa urahisi kuanzia D ya chini kushuka. Kwenye alto utahangaika zaidi. Ila nawasihi vijana: msianzie hapa. Wengi wanakimbilia sauti ya pumzi kwa sababu hawawezi kuipiga B flati ikiwa kamili na ya upole kwa wakati mmoja, kisha kiongozi wa bendi akitaka upole wenye mwili, hawana la kumpa. Pata kwanza B flati safi isiyo na pumzi, uishushe mpaka karibu kimya, ndipo uongeze pumzi.