Jibu: Mama asiyeona na simu ya kugusa

Ndugu wa Arua, umeuliza kama mama yako, ambaye macho yamempotea, anaweza kutumia simu ya Android bila kuwaita wajukuu. Anaweza kabisa! Fungua mipangilio, ingia sehemu ya ufikivu, uwashe TalkBack, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Akitelezesha kidole kulia, simu inamsomea kitu kinachofuata. Akigonga mara mbili haraka, kinafunguka. Kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Mchagulie sauti ya Kiswahili.

Ila nakusihi, angalieni namba ya siri ya pesa za simu. TalkBack inaweza kuitamka anapoiandika, na sokoni masikio ni mengi. Mnunulie hedifoni, halafu mwache aandike mwenyewe. Mimi pia sioni. Siku niliyotuma pesa bila kumpa mtu simu yangu, nililia kwa furaha.